Vazi la Shujaa wa Bure

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kupuuzwa na mtu yeyote mwenye kazi ya maana: shujaa wa Fundi alikuwa anasikia baridi.

Simsemi Fundi mwenyewe. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake, jasho linamtiririka mpaka kiunoni. Namsema shujaa wake, yule wa kwenye simu, aliyesimama juu ya ghorofa la kuchorwa akisubiri kuokoa dunia. Siku zote alisimama kifua mbele. Asubuhi ile alikuwa amejikumbatia, meno yanagongana, na kwa kweli alikuwa na haki yake: mwaka mzima alikuwa amevaa chupi na soksi moja.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa bure. Bure ile ya kuingia mlangoni. Ukishaingia, kukaa kunalipiwa, kusimama kunalipiwa, na hata kupumua unasubiri tangazo la dawa ya meno liishe. Ukipigana mara mbili, shujaa anachoka, ukae umsubiri apumzike kama yeye ndiye mwenye duka. Ukifungua kisanduku cha zawadi, unapata soksi. Fundi alifungua visanduku hadi kidole kikaota sugu, akapata soksi ya kushoto, na nyingine ya kushoto, halafu, siku ya bahati kubwa, ya kushoto inayong'aa. Mtu anayevisha nusu ya mji, maharusi na mahakimu, shujaa wake anakabiliana na majitu nusu uchi!

Hayo angeyavumilia. Lililomchoma ni Bwana Pasi.

Bwana Pasi alikuwa mdogo wa mkewe, na kazi yake pale dukani ilikuwa kunyoosha kile alichoshona Fundi. Mchezo alianza juzi tu, tena hakuanza yeye: alikalia simu, makalio yakaupakua. Kisanduku chake cha kwanza kikatoa mabawa ya dhahabu. Cha pili kikatoa joho la radi.

"Shemeji, hebu ona," alisema Bwana Pasi, akiegemea meza ya pasi. "Hivi hili shuka la mgongoni ni la kazi gani?"

"La kufunika aibu," Fundi akajibu bila kutazama.

"Basi si ungeliazima wewe! Wa kwako anakaribia kukamatwa na polisi."

Mke wa Fundi, aliyekuwa akitia vifungo karibu na dirisha, akacheka mpaka sindano ikamdondoka. Fundi akamtazama anavyocheka. Miaka yote hiyo ametoa vichekesho vyake ndani ya nyumba, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuangusha sindano.

Mchana wale wawili walikwenda kula. Fundi akabaki na suruali ya mteja chini ya mguu wa cherehani, na hedifoni masikioni. Simu ikamwambia kwamba shujaa wake amechoka. "Na mimi nipate," akanong'ona. "Hata kama ni kwa kumvua yule."

Ndani ya hedifoni mtu akasema, taratibu sana, "Hodi."

Sasa, mtu wa dukani akisikia hodi hainui kichwa. Mdomo wenyewe unajua kazi. "Karibu," Fundi akasema, midomo imebana pini. "Karibu ndani, jisikie uko kwako."

Aliponyanyua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Kwenye simu, kando ya shujaa wake wa chupi, alikuwa amesimama mchezaji mpya asiye na sura wala jina. Na duka lote likajaa harufu ya kitambaa kinachoungua, ilhali pasi ilikuwa ya baridi na waya wake umelala sakafuni.

"Wengine huuliza nani," sauti ikasema. "Wewe umenipa nyumba kabisa."

"Nani wewe?"

"Umechelewa kuuliza. Mimi mgeni wako, na nina baridi. Nishonee vazi. Kila mshono utakaoupiga, nitamvua yule nimvishe wa kwako."

Fundi alitakiwa kuitupa ile simu barabarani. Lakini pale pale, mbele ya macho yake, bawa moja la dhahabu likatua kwenye bega la shujaa wake, linavuja nuru. Na Fundi, Mungu amsamehe, akatabasamu.

"Vipimo?" akauliza. Mteja ni mteja.

Sauti ikataja kifua, ikataja mgongo, ikataja urefu wa mkono. Ikasema bega la kushoto limelala chini kuliko la kulia, lifichwe kwa pamba kidogo. Chaki ikasimama mkononi mwa Fundi. Fundi husahau sura za watu na majina yao, lakini bega alilowahi kulivisha halisahau, na bega lile alilivisha siku ya harusi yake mwenyewe, alipomshonea koti mdogo wa bibi harusi.

Alijua ni la nani. Akakata kitambaa.

Alipomaliza mkono wa kwanza, Bwana Pasi alikuwa amerudi na dada yake, na pasi ikamponyoka. "Mkono umekufa ganzi," akasema, akicheka. Fundi akashona wa pili. Bwana Pasi akaacha kucheka. Mvua ikaanza, umeme ukakatika, na cherehani, ambayo ilikuwa ya umeme, ikaendelea kushona.

"Mdogo wangu," mke wa Fundi aliita kwa sauti ya chini, "mbona umesimama hivyo?"

Maana Bwana Pasi alikuwa amesimama kwenye kona, kifua mbele, ngumi kiunoni, akipanda na kushuka kwa pumzi zilizolingana, kila pumzi sawasawa na ile iliyotangulia, macho wazi yasiyopepesa, akitazama mbali kupita ukuta, kama wanavyosimama wale wa kwenye simu wakisubiri kidole cha mtu kiwaguse, na dada yake alipomshika shavu alikuta ni baridi na laini kama kioo, na alipoondoa kidole Bwana Pasi akaruka juu mara moja, akatua, akarudi kwenye kusimama kwake, na lile vazi, ambalo hakuna aliyelibeba, lilikuwa limeshamkaa mwilini mpaka shingoni, na kola yake ilikuwa inajikunja yenyewe, polepole, kuelekea mdomoni.

"Umefanya nini?" mke akamnong'oneza mumewe. Hakuuliza kama amefanya. Aliuliza nini.

Mganga aliishi nyuma ya duka, na mke akakimbia kumwita. Mwanamke mnene, aliingia na koti la mvua na hasira ya mtu aliyeacha chai yake ikipoa. Akanusa.

"Nani alimkaribisha?"

"Nilidhani ni mteja," Fundi akasema.

"Na vazi nani kashona?"

Fundi akatazama viatu vyake kama vimeandikwa jibu.

"Mimi kumfukuza siwezi, ana mwenyeji wake," mganga akasema. "Kulichoma vazi siwezi, kuna mtu ndani. Chukua wembe ufumue. Kila mshono, utaje ulikuwa unaona wivu gani ulipoupiga. Usinidanganye mimi, na uzi usiudanganye."

Fundi akapiga magoti kwenye kona, wembe mkononi. "Mabawa," akasema. Uzi ukatoka. "Joho." Ukatoka. "Usingizi wake. Akiweka kichwa tu, kalala. Mimi nahesabu mbao za dari." Ukatoka. "Ndevu zake."

"Ndevu?" mke akasema, machozi yanamtoka. "Anazo nne!"

"Zimekaa vizuri."

Kidole kimoja cha Bwana Pasi kikatikisika. Mikono ikafumuka, mgongo ukafumuka, ikabaki kola. Fundi akaigusa kola kwa wembe.

"Viatu vyake," akasema.

Uzi ukarudi. Ukapanda kutoka sakafuni kama mdudu, ukaingia kwenye mdomo wa chini wa Bwana Pasi, ukatokea kwenye wa juu, ukavuta, na mdomo ukaanza kufungwa kama mfuko wa suruali, mshono mzuri, mshono ulionyooka, mshono wa Fundi mwenyewe.

"Sema ukweli, mume wangu."

"Nikisema nitakupoteza wewe."

"Usiposema nampoteza yeye. Sema!"

"Unavyocheka naye," Fundi akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto. "Ukiwa naye unacheka mpaka unaangusha sindano. Mimi hujawahi kunichekea hivyo. Nikatamani asiwepo."

Uzi wote ukaachia kwa mpigo. Kitu kizito kikapita katikati yao na harufu yake ya kuungua, pazia la mlango likajaa kama lina mtu, kisha likalala. Bwana Pasi akaanguka mikononi mwa dada yake, akakohoa, akatema kipande cha uzi.

Mganga alirudi kwenye chai yake. Mke hakumtazama mumewe. Walikaa watatu sakafuni, mvua inanyesha, mpaka Bwana Pasi akanyoosha mkono akaushika wa Fundi, akaugeuza kiganja juu, akaupapasa vidole kimoja kimoja.

"Sina kinyongo, shemeji," akasema kwa upole. "Wivu ni wa sisi sote. Watu wakiona nguo mpya wanauliza kashona nani. Hajawahi kutokea mtu wa kuuliza kanyoosha nani." Akatabasamu. Macho yake hayakupepesa, na ile harufu ya kuungua ikarudi. "Siku zote nimeitamani mikono hii."

Fundi akataka kuuvuta mkono wake. Haukuja. Vidole vikaanza kujikunja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, vikakaza hewani kama vimeshika mpini wa pasi.