Vidonge vya Homa vya Kapteni

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidomo alikuwa na kazi moja tu: kumkagua mbwa wao, Kapteni, masikioni na katikati ya vidole, na kumtoa kupe. Jina la Kidomo alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Safari ya kwenda dukani aliisimulia nusu saa nzima. Lakini kazi ya kupe ilimchosha, na kwa wiki mbili aliipiga chenga.

Jumatano Kapteni hakugusa chakula. Alhamisi alilala tu, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Jirani alichungulia juu ya ukuta akasema, "Hiyo homa ya kupe. Mwambie shangazi yako ampeleke kwa daktari."

Shangazi alikuwa kazini. Katika maneno yote ya jirani, Kidomo alishika moja tu: homa. Si homa ndiyo ile watu humezea vidonge? Akafungua kabati la dawa, akatoa vidonge vinane, akamsukumia Kapteni kooni kimoja kimoja. Alijiona daktari kamili.

Ijumaa asubuhi Kapteni alishindwa kusimama. Shangazi alimbeba mpaka kwa daktari wa wanyama.

"Amepewa dawa yoyote?" daktari aliuliza, huku akitazama fizi zilizogeuka manjano.

"Hajapewa," Kidomo aliwahi kujibu.

Daktari alitoa damu mguuni, akaiangalia kwa hadubini. "Vimelea hawa hapa. Kupe amewaingiza, nao wanapasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana mkojo mweusi, na ndiyo maana manjano." Kisha mashine ya vipimo ikatoa karatasi, naye akakunja uso. "Aa! Figo inahangaika kidogo, sawa. Lakini hili ini? Vimelea peke yao hawapandishi namba hivi. Mashine hii nayo!"

Akaipiga mashine kofi. Akamchoma Kapteni tena, akapima upya. Namba zikawa zile zile.

"Mama, una uhakika hajapewa kitu?"

"Daktari, ni mara ya pili unaniuliza!" Shangazi alipandisha sauti. "Mimi nashinda kazini. Mwulize huyu."

"Nimeshasema hajapewa!" Kidomo alifoka. Hasira yote ilikuwa ya woga.

Daktari alisonya, akachukua sindano ya tatu. "Basi itabidi nimchome tena. Siwezi kutibu kitu nisichokijua, na saa zinakwenda."

Kapteni hakubweka. Alinyoosha mguu mwenyewe, taratibu, kama aliyezoea kuonewa. Hapo Kidomo alishindwa.

"Vidonge vya homa," alisema huku analia. "Vinane. Jana mchana. Jirani alisema ana homa."

"Vinane?" Shangazi alishika kichwa. "Siku zote hukomi kusema, leo ndiyo umekuwa bubu?"

Daktari hakupoteza muda kugomba. Alitundika dripu yenye dawa ya kulinda ini dhidi ya sumu ya vile vidonge, kisha akadunga ya kuua vimelea. Kapteni alibaki pale siku nne. Siku ya tano alitoka kwa miguu yake, amekonda, lakini anabweka.

Mlangoni daktari alimwinamia Kidomo. "Kutojua si dhambi. Dawa ya mtu inaweza kumwua mbwa, na paka ndiyo kabisa, hata kidonge kimoja. Sasa umejua. Lakini damu iliniambia kwamba kuna kitu. Kitu gani, ulijua wewe peke yako."

Shangazi alikuwa bado na hasira zake. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe uliogopa kugombezwa na mimi, nami hugomba kwa dakika kumi tu. Sindano za uongo wako alichomwa yeye."

Kidomo, msemaji wa nyumba nzima, alipiga magoti. Akaanza kumkagua Kapteni masikio.