Dalia ya Josiane

Nabintu alitoka kazini saa tisa alasiri, miguu ikimuuma. Kazi yake ni kutunza wazee katika makao yao, hapa Columbus, upande wa Clintonville. Kutwa nzima ni kuinua, kuogesha na kulisha. Lakini akifika nyumbani haingii ndani kwanza. Anazunguka nyuma na viatu vyake vya kazi, kwenda kusalimia maua.

Ni mche mmoja tu wa dalia, karibu na ukuta. Maua yake ni mekundu na makubwa kama sahani ya chai.

“Josiane, umeshindaje?” anauliza.

Zamani mumewe, Ombeni, baba wa mtoto wao Alliance, alikuwa akimcheka. Siku hizi hacheki, maana anajua kisa chake.

Josiane alikuwa dada mkubwa wa Nabintu. Alikaa Buffalo. Mwaka jana, mwezi wa tano, alimtumia mdogo wake katoni kwa posta. Ndani mlikuwa na viazi vitano vya dalia. “Panda,” alisema kwenye simu. “Iko sawa na zile za mbele ya kanisa, kwetu Walungu. Unazikumbuka?”

Nabintu alizikumbuka vizuri. Alipanda, na zote zikachanua. Baridi ilipokuja hakuchimba kitu. Achimbe kwa nini? Kwao Walungu muhogo unakaa ardhini hata mwaka mzima na zaidi. Siku ukitaka kula, ndipo unachukua jembe. Ardhi ndiyo ghala.

Ila ardhi ya Walungu haigandi. Ya Columbus huganda ikawa ngumu kama saruji. Theluji ilipoyeyuka, Nabintu alifukua akakuta viazi vinne vimegeuka uji mweusi unaonuka. Kimoja tu kilipona, kile cha karibu na ukuta, kwa sababu joto la nyumba lilikifikia kidogo.

Mwezi huohuo Josiane alifariki. Alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa kumi, na nyumbani kwake hakuna aliyekuwa na moyo wa kufikiria bustani. Baada ya msiba, binti yake Esperance alipiga simu akilia.

“Mama mudogo, maua ya mama yote ilioza mu udongo. Ile yako ndiyo inabakia. Hakuna ingine.”

Tangu siku hiyo Nabintu alikuwa na hofu moja. Baridi itarudi. Atafanya nini?

Baridi ikarudi kweli. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi Nabintu alifungua mlango wa nyuma, akaona majani yote ya dalia yamekuwa meusi na kulegea. Alipiga kelele hadi jirani akatoka. Jirani huyo ni Veridiana, Mtanzania wa Bukoba, anayefanya kazi kwenye kitalu cha maua kule Westerville.

“Veridiana, kuya uone! Imekufa! Dada yangu amekufa mara ya pili!”

Veridiana aliinama, akagusa majani, kisha akamshika mkono.

“Haijafa, Mama Alliance. Hii ni sakitu, umande ulioganda. Imeua majani tu. Kiazi kiko hai huko chini. Sasa ndiyo kinajua wakati wa kulala umefika.”

“Kweli? Hunidanganye?”

“Nikudanganye nipate nini?”

Nabintu alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Bon, tuchimbe leo, donc.”

“Ngoja kama wiki moja, ngozi ya viazi ikomae. Lakini usingoje mpaka ardhi yenyewe igande. Hapo tutakuwa tumechelewa.”

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila siku Nabintu alikanyaga udongo kuona kama umeganda.

Jumamosi walikutana bustanini. Veridiana alikata shina, akabakiza kama shibiri moja. Ombeni, mwenye haraka zake, akashika uma wa kuchimbia na kuuelekeza palepale kwenye shina.

“Baba Alliance, weka chini!” Veridiana alimkemea. “Unataka kumchoma shemeji yako?”

Ombeni aliweka uma chini kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

“Chimba mbali na shina, mbali kama kutoka kiwiko mpaka vidole. Zunguka pande zote. Kisha inua polepole kutoka chini. Usivute shina. Shingo ya kiazi ikivunjika, hakitachipua hata kiwe kinene namna gani.”

“Kwa nini?” aliuliza Ombeni. “Kiazi ulaya kina macho pote.”

“Dalia siyo kiazi ulaya. Macho yake ya kuchipua yako shingoni tu, pale kinaposhikana na shina.”

Wakachimba kwa zamu. Udongo ulipoinuka, Nabintu alipiga magoti. Kiazi kile kimoja kilikuwa kimezaa. Alivihesabu viazi kwa kidole, vilikuwa tisa, vimeshikana pamoja. Alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

Walikung'uta udongo kwa mikono. Veridiana akalaza fungu lile kichwa chini kwenye gereji, pasipo na jua wala sakitu.

“Shina lina tundu ndani,” alieleza. “Ukiligeuza, maji yanatoka. Siku mbili zinatosha.”

Siku ya pili Nabintu alikuja na mfuko wa nailoni, ametia viazi ndani na kuufunga mafundo mawili. “Nitaweka chini ya kitanda yangu. Nilale nayo karibu.”

Veridiana alimtazama kwa huruma. “Najua unampenda dada yako. Lakini nailoni inafungia unyevu, viazi vitaoza. Na chumbani kwako hita inawaka usiku kucha. Vitanyauka. Dalia inataka giza, na ubaridi kama wa friji, ila pasigande.”

Basi walitafuta katoni. Wakamwaga maranda ya mbao yenye unyevu kidogo sana, wakalaza viazi, wakavifunika. Ombeni aliandika juu kwa kalamu nene: JOSIANE. Akaishusha katoni kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwenye kona iliyo mbali na tanuri la kupasha joto.

“Usiisahau,” alisema Veridiana. “Kila mwezi fungua uangalie.”

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya Nabintu alikuta kiazi kimoja kimelainika na kuoza. Moyo ulimpasuka. Alikikata kwa kisu, akakitupa, na vingine vikabaki salama. Mwezi wa pili viwili vilikuwa na makunyanzi. Alinyunyizia maranda maji kidogo kwa vidole, si zaidi.

Mwezi wa nne Veridiana alimwonyesha kutenganisha viazi kwa kisu safi. Kila kipande kilitakiwa kiwe na shingo yake na jicho. Vitatu havikuwa na jicho. Vitano vilikuwa nalo.

“Tano,” alisema Nabintu taratibu. “Sawasawa na zile alinitumia.”

Alibaki na viwili. Kimoja alimtumia kaka yake Polycarpe, huko Louisville. Viwili vilipanda posta kwenda Buffalo, kwa Esperance, pamoja na karatasi: Usipande mpaka sakitu iishe kabisa.

Mwezi wa nane Esperance alituma picha. Alikuwa ameweka ua jekundu juu ya kaburi la mama yake. Nabintu aliitazama picha hiyo kazini, akawaonyesha wazee wake wote, mmoja mmoja.

Mwezi wa kumi, Jumamosi asubuhi, simu ya video ililia. Walikuwa Esperance na Polycarpe, wote wawili kwenye laini moja.

“Mama mudogo,” alisema Esperance, “baridi ilipiga majani wiki ilipita. Niko na uma mu mukono. Naogopa kuvunja shingo.”

“Huku Louisville bado inachanua,” alisema Polycarpe. “Nichimbe?”

“Wewe ungoja, kaka. Ya kwako bado haijalala.”

Nabintu aliegemeza simu kwenye ukuta, akachukua uma wake. Ya kwake nayo ilikuwa tayari.

“Esperance, kata shina, bakiza shibiri moja. Sasa toka mbali nayo. Mbali tena. Hapo. Ingiza uma polepole, tuinue mama yako pamoja.”