Barabara ya Mlangoni kwa Jytte

Kila asubuhi Ejnar hutoka kununua mkate. Haoni, lakini njia anaijua kwa fimbo yake: ngazi, ukuta, kona, duka. Wakati huo mkewe, Jytte, huandaa meza.

Siku moja walipata barua kutoka ofisi ya nyumba za kupanga. Barabara mpya itakatiza mtaa wao, na upande wao wa jengo utabomolewa. Kwanza kutakuwa na mkutano wa wapangaji.

"Siendi ng'o!" Jytte alifoka. "Nikibaki nyumbani, watajua nimekataa."

Jirani yao, Mzee Svend, aliyekuwa akila nao mezani, aliacha kutafuna, akacheka. Zamani alikuwa dereva wa kreni, naye ndiye aliyeinua kuta za majengo yale.

"Kiti kitupu hakipigi kura, mama. Hapa kila nyumba ina kura mbili. Zako umezifungia kabatini?"

"Lakini walijenga wenyewe, sasa wanabomoa wenyewe! Hawajui wanachotaka?"

"Wakati ule walitaka kingine. Watu wengi Denmark hawakuwa na nyumba nzuri. Serikali ikasema: jengeni nyingi, jengeni upesi. Kreni yangu ilitembea juu ya reli, na reli ilinyooka. Ndiyo maana majengo yetu yamenyooka kama rula. Magari yakawekwa kule, watu huku. Leo serikali inaona mtaa umejitenga na mji. Inataka barabara ipite, watu wachanganyike. Ukitaka kujua nchi inawaza nini, tazama inajenga nini."

"Na mume wangu je? Tukihamishwa, njia ataijulia wapi? Atakaa ndani kama mfungwa!" Machozi yalimlengalenga Jytte.

"Basi hilo ndilo ukaliseme. Andika pendekezo leo, muda bado upo. Usiseme hutaki tu. Sema barabara ipite wapi."

Jytte alichukua kalamu. Aliandika kwamba barabara ipite kwenye gereji kuukuu za kuegeshea magari karibu na duka, ambazo hakuna anayezitumia. Svend alichora ramani. Siku ya mkutano Jytte alisimama akasema. Mikono mingi iliinuliwa. Baada ya miezi kadhaa, halmashauri ya mji nayo ikakubali, na jengo lao likaachwa.

Barabara ilipofunguliwa, Jytte hakuifurahia. "Makelele matupu," alinung'unika.

Asubuhi hiyo Ejnar alitoka kama kawaida. Saa nzima ikapita, hajarudi. Jytte alivaa koti, akatoka mbio. Alimkuta kando ya barabara mpya, katikati ya watu wa mtaa wa pili, anacheka.

"Umenitia hofu, bwana wee!"

"Nisamehe, mke wangu. Miaka yote hii nimepita hapa peke yangu. Leo kila hatua mbili mtu ananisalimia."

Jytte alimshika mkono. Mkate wenyewe alikuwa bado hajanunua.