Nusu Saa ya Msusi

Siku ya soko barabara ya maduka haipitiki. Msusi alikuwa akikata mbuga katikati ya watu, gauni la njano, mkoba umejaa nywele za bandia, simu kaibana kati ya sikio na bega.

"Nimeshafika, dada, niko mlangoni," alisema, na mlango wenyewe ulikuwa mtaa wa tatu.

Hapo hapo akamvaa mtu kifuani. Saa ya msusi ikachomoka mkononi, ikaanguka, kioo kikapasuka.

Mtu huyo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya kiwiko. Aliiokota saa, akaiweka sikioni.

"Niachie niitengeneze. Mimi fundi saa, duka langu hilo hapo."

"Pole kwa kukugonga, kaka. Nina haraka."

"Nimeona," alijibu fundi, na kwa mtu asiyejua mzaha, huo ulikuwa mzaha mkubwa.

Kesho yake msusi alikwenda kuichukua. Fundi akamwambia kioo hakijapatikana. Keshokutwa, vilevile. Kioo kilikuwa kwenye droo yake tangu siku ya kwanza, lakini kila msusi alipoingia, duka lile lenye saa arobaini na moja ukutani lilijaa vicheko, na fundi, ambaye hakuwahi kumcheleweshea mteja kazi, aliona hawezi kuimaliza hii haraka.

"We Sekunde, huwa unacheka?" msusi alimuuliza; walikuwa wameshapeana majina ya utani, Sekunde na Redio.

"Nacheka Redio akinyamaza."

"Basi utakaa sana."

Wakapendana hivyohivyo, mmoja anaongea, mwingine anasikiliza. Wiki ya pili fundi akamrudishia saa, inang'aa.

Asubuhi iliyofuata msusi alitakiwa kwa bibi harusi saa mbili. Akafika saa mbili na nusu. Bibi harusi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha msusi mwingine, na mama yake akamfungia mlango usoni.

Msusi aliingia dukani kwa fundi akitweta.

"Umeifanya nini saa yangu?"

"Nimeiweka sawa. Ilikuwa mbele nusu saa."

"Nimeiweka mimi hivyo! Ikisema mbili na dakika ishirini, najua bado ni mbili kasoro kumi, natoka nyumbani. Nimeishi hivyo miaka kumi."

"Si unayo saa kwenye simu?"

"Simu iko sikioni, nitaionaje?"

Kwa fundi, kurudisha saa inayodanganya ilikuwa aibu ya kazi.

"Mimi nilikuachia saa utie kioo tu," msusi alisema, sauti imeshuka. "Hukuuliza. Leo umeirekebisha saa, kesho kicheko changu, keshokutwa gauni langu. Sitaki kuishi na mtu atakayekuwa ananirekebisha."

Fundi ni mzito wa maneno. Alipolipata la kumjibu, msusi alikuwa ameshavuka barabara.

Fundi alimpigia simu kila siku saa saba kamili. Dada yake msusi, anayesuka naye saluni, aliacha kutazama saa.

"Saa saba hiyo. Mtu wako."

"Mwache aite."

Siku ya tano simu haikuita. Msusi alisimama na kitana mkononi, kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Ipokee basi," dada akamchokoza.

"Haijaita."

"Kumbe ulikuwa unaisubiri?"

Msusi alitoa machozi mbele ya wateja, hakujali. Alimpenda yule mtu wa pasi. Akakata shauri: kesho ataamka alfajiri, awe mlangoni kwake kabla hajafungua saa mbili. Atamwonyesha kwamba akitaka, anaweza kuwahi.

Na aliwahi kweli. Lakini mlango aliukuta wazi, na ukutani saa zote arobaini na moja zilisema mbili na robo.

"Nimechelewa tena."

"Hapana," fundi alisema, shati lake limekunjamana kwa mara ya kwanza. "Bado robo saa ifike saa mbili. Nimezisogeza zote mbele, nusu saa. Jana saa saba nilikuwa juu ya ngazi, ndiyo maana sikupiga."

"Zote?"

"Zote. Mwalimu mkuu huitazama ile kubwa akipita, ndipo akapige kengele. Watoto wa shule wameshaingia darasani, wananilaani."

Msusi alianza kucheka, akashindwa kuacha.

"Sikutaka kukurekebisha," fundi aliendelea, haraka, kama anayeogopa atapitwa tena. "Nakupenda ulivyo, na kelele zako. Nataka kukuoa. Jumapili nije kwenu nimwone mama. Saa nne."

Msusi alifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Saa nne ya nani?"

Fundi alifikiri sana.

"Ya kwenu."

"Basi uwe mlangoni tatu na nusu. Unadhani mchezo huu nilifundishwa na nani? Mama saa yake iko mbele tangu sijazaliwa."

Akamnyooshea mkono. Fundi akaishika saa ile ndogo aliyoivaa, akausogeza mshale mbele nusu saa, taratibu. Kisha akacheka kwa sauti, na Redio akanyamaza amsikilize.