Aliyeko Mita Mbili

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Redempta Khalayi Mukhwana alitoka nyumbani kwake mtaa wa Jericho, Nairobi, jua likikaribia kuzama, akaenda sokoni kununua mboga ya mrenda. Mumewe, Opicho, alikuwa amezikwa Bungoma Jumamosi ya tarehe 22 Februari. Tangu siku hiyo usingizi ulimhama mjane huyo, naye hakutamani kitu kingine duniani ila kulala.

Mpwa wake, Jacklyne, alikuwa amemwekea simuni programu ya kuandikiana na watu usiowajua walio karibu nawe, inayoonyesha kila mmoja yuko umbali wa mita ngapi.

“Anti, wacha kukaa solo,” alimwambia. “Bonga na wasee wa mtaa. Hawakujui, huwajui. Wakikuchosha, unazima.”

Basi Khalayi alipokuwa akingoja kuchambuliwa mboga, simu ikatetemeka. Mtu asiye na picha. Mita mia tatu.

“Nimechoka.”

“Hata mimi, ndugu yangu,” Khalayi akajibu.

“Nimesimama siku nyingi. Hakuna aliyeniambia niende.”

Alidhani ni mlinzi wa lango fulani, akamhurumia. Akashika njia ya kurudi, simu mkononi. Mita mia mbili… Mita themanini… Kila alipokaribia kwake, ndivyo alivyomkaribia mtu yule; wala hakuona yeyote akija.

Mlangoni, simu ikaonyesha mita mbili.

“Ingia, Namulunda.”

Akasoma tena, mkono juu ya kitasa. Namulunda ni jina la ukoo wake. Nairobi nzima, ni mwanamume mmoja tu aliyemwita hivyo.

Akasukuma mlango. Ndani kulinuka dawa ya mochari. Kandambili zikaburutwa sakafuni, taratibu… zikasimama mbele yake.

Hapakuwa na mtu.

Ndipo alipofahamu. Kwa desturi ya kwao, anayefia ugenini hupitishwa kwanza nyumba aliyoishi, mtu wake wa karibu amwite kwa jina na kumwambia safari imefika. Yeye aliliomba hilo. Javan, kaka wa marehemu na mzee wa kanisa, alikataa. “Shemeji, roho iko kwa Mungu, haiko Jericho,” alisema. Na gari likatoka mochari moja kwa moja hadi Bungoma. Walizika mwili. Mwenyewe alibaki.

“Opicho,” akanong’ona. “Twende nyumbani, baba. Twende.”

Ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Khalayi naye akahisi kope zikimlemea. Usingizi ulikuwa unakuja.

Simu ikatetemeka.

“Asante. Na hawa wenzangu je?”

Majina yakaanza kujipanga kwenye kioo, moja chini ya lingine, yote bila picha. Zedekiah. Obonyo. Nasambu. Mativo. Akatelezesha kidole, hayakuisha.

Yote mita sifuri.

“Walisahauliwa pia,” Opicho akaandika. “Watoe wao kwanza. Mimi nitatoka mwisho.”

Khalayi akaketi sakafuni, bila hata kuvua leso kichwani, akaanza na la kwanza.

Javan huwaeleza waumini kwamba shemeji yake amepata faraja, na kwamba minong’ono inayosikika kwake tangu magharibi hadi alfajiri ni sala. Khalayi hasali. Anaita majina, na kila anapomtoa mmoja, wawili wamekwisha kuingia.