Betri Iliyovishwa Kitambaa

Nyumbani kwa Adeke hakuna kitu kilichokaa uchi. Viti vilivaa vitambaa vya kufuma. Redio ilivaa kitambaa. Mtungi wa maji ulikuwa na kofia ya uzi mwekundu, nzuri kuliko ya mchungaji wa kanisa lao. Mume wake, Ecodu, alisema anaogopa kukaa sana mahali pamoja, asije naye akafumiwa kifuniko.

Na Ecodu alikaa sana mahali pamoja. Miaka mingi alivunja mawe ya dhahabu kwenye mashimo ya Tiira. Vumbi la mawe likamwingia kifuani, likakataa kutoka. Sasa akitoka kitandani kwenda mlangoni alipumzika njiani, kama mtu anayekwenda Tororo kwa miguu. Mdomo tu ndio haukuugua.

Adeke ndiye aliyelisha nyumba. Alinunua mukene, wale dagaa wakavu wa ziwani, katika soko la Busia. Akajitwika beseni, akaenda kuwauzia wachimbaji wa Tiira. Binti yao Peace alikuwa shule ya bweni Tororo, na shule haingoji magoti ya mtu yapone. Magoti ya Adeke yalikuwa yameanza kulia kama mlango mbovu.

Basi wakauza dume lao la mwisho la ng'ombe. Adeke akavuka mpaka, akaenda duka moja la upande wa Kenya lililouza baiskeli za umeme. Alitaka ile inayokunjwa katikati. Baiskeli nyingine ukiiacha nje ya soko, unarudi unakuta kivuli chake. Hii ungeikunja na kuilaza chini ya meza ya samaki, kama mbuzi mpole.

Muuzaji alikuwa msichana aitwaye Lorine. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya mnyororo, na ulimi wake haukuwa na breki. Alimwonyesha Adeke namna ya kukunja, kufunga komeo la katikati, na kuchomoa betri. Kisha akaleta helmeti.

Adeke alijivika, akajitazama kwenye kioo. Aliona sufuria lenye macho. Tena alikuwa amesukwa Jumamosi tu. Akaivua. Badala yake alichagua vioo viwili vya pembeni, vishada vya plastiki vya kuning'inia kwenye usukani, kifuniko cha kiti chenye madoa ya chui, na honi ya sauti nyingi, mojawapo ya mbuzi. Taa ya nyuma aliiacha. Alisema wanaomfuata nyuma watafute taa zao.

Lorine alicheka, lakini alipofika kwenye chaja hakucheka.

"Mama, hii chaja ni ya hii betri tu. Ingine usijaribu. Ukitoka safari, acha betri ipoe kwanza. Ichajie mahali pa wazi, juu ya saruji. Si kando ya kitanda, si mlangoni. Na usiifunike na kitu. Betri inataka hewa."

"Na wezi wanataka betri," Adeke akasema.

"Basi kaa karibu uiangalie. Ikijaa, chomoa."

Adeke alitikisa kichwa kukubali, vile tunavyotikisa kanisani matangazo yakiwa marefu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Adeke alifika Tiira jasho halijamtoka. Wachimbaji walisikia mbuzi akilia barabarani, wakajua mukene wamefika. Jirani yake Zahara, waliyepakana naye ukuta, alimwita Mama Peace Injini. Swaliki, mume wa Zahara, aliyeendesha bodaboda, alianza naye kuwaza pikipiki ya umeme.

Shida ilikuwa moja. Chaja ya dukani ilikwenda polepole, na Adeke alitaka safari ya pili alasiri. Kibanda kimoja kando ya barabara kiliuza chaja nyingine, kubwa, ya kujaza haraka. Iliingia kwenye tundu la betri vizuri kabisa. Adeke akaona kitu kikiingia ndio kimekubali. Hakujua kwamba ile chaja ilisukuma umeme mwingi kuliko betri yake ilivyoweza kubeba.

Baiskeli aliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya nje. Betri aliingiza ndani, akaiweka juu ya stuli nyuma ya mlango, maana waya haukufika mbali zaidi. Lakini chaja ilikuwa na taa, na taa inamwita mwizi dirishani. Tena betri ilikuwa nyeusi na mbaya. Kwa hiyo Adeke akafanya alichojua. Aliifumia kitambaa chake, kinene, cha rangi ya machungwa, chenye maua pembeni.

Ecodu alipokiona alisema, "Mimi nimekuoa zaidi ya miaka ishirini, sijapata hata soksi."

Alhamisi moja jua lilikuwa kali. Adeke alirudi kutoka Tiira mchana, betri ikiwa moto mkononi. Hakungoja ipoe. Aliichomeka, akaivisha, akamwekea Ecodu uji, akatoka kukaa na Zahara uani ili asukwe upya. Walikuwa wakimcheka mwanamke mmoja wa soko aliyepaka nyusi mpaka zikakutana. Ecodu akaita kutoka ndani, sauti ndogo.

"Adeke, kitu chako kinanuka."

"Ni mukene," Adeke akajibu. "Leo ndio umewasikia?"

Nyumba ile ilinuka mukene mwaka mzima. Ecodu akanyamaza. Pengine aliamini. Pengine alikuwa anatafuta pumzi ya kusema tena.

Kisha wakasikia mlio kama nyoka, halafu mshindo. Moshi mweupe ulitoka juu ya mlango, kisha mweusi. Adeke alikimbia, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Mlango ulikuwa moto wenyewe. Vipande vya betri viliruka kama mahindi kwenye kikaango, na kila kilipotua kilipata kitambaa cha kula. Viti viliwaka. Pazia likawaka. Nyumba ilikuwa na mlango huo mmoja, na dirisha lake lilikuwa na nondo, kwa sababu ya wezi.

Zahara alimshika Adeke kiunoni asiingie. Swaliki na wanaume wengine waling'oa nondo kwa mtaimbo na kumtoa Ecodu. Moto ulikuwa umemgusa kidogo tu, mguuni. Lakini moshi wa betri ni sumu, na kifua chake kilikuwa hakina nafasi ya kitu kingine. Hospitali walijitahidi. Jumapili hakuiona.

Walimzika nyumbani kwao, upande wa Tororo. Peace alisimama kando ya kaburi na sare ya shule, kwa kuwa nguo zake nyingine zilikuwa zimeungua.

Lorine alisikia, akavuka mpaka kuja matangani. Alikaa mkekani na wanawake, hakusema neno la betri. Adeke ndiye aliyeanza.

"Binti yangu, uliniambia. Niambie tena. Leo nasikia."

Lorine akasita. Zahara akamwambia aseme, maana Swaliki ameshapata pikipiki ile ya umeme, na jana yeye mwenyewe ameona betri yake imewekwa uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe. Basi Lorine akasema yote upya, polepole, na wanawake waliacha kuchambua mchele. Alisema betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au iliyoingia maji haichajiwi tena, inarudishwa dukani. Ukisikia harufu ngeni au mlio, usichungulie. Toa watu kwanza. Usirudi kuchukua kitu, hata pochi.

"Na nikidhani ni mukene?" Adeke akauliza.

"Ukidhani ni mukene, mama, toka nje kwanza. Mukene watakungoja."

Baiskeli ilikuwa imesalimika pale kwenye nguzo. Adeke alikaa muda mrefu bila kuigusa. Alirudi kwenye beseni na miguu, mpaka siku magoti yalipomwangusha barabarani na mukene wakamwagika mchangani. Ndipo akarudi kwa Lorine kutafuta betri mpya. Safari hii alianza na helmeti, bila kutazama kioo. Akachukua taa ya nyuma, fulana inayong'aa, na chaja ya betri ile. Honi ya mbuzi aliing'oa akamwachia Lorine mezani.

Yeye na Zahara, aliyempa chumba baada ya moto, wakatafuta fundi umeme anayejua kazi. Uani, mbali na kuta, walimwaga saruji, wakaezeka bati moja juu, na fundi akavuta waya. Waliweka kreti la chuma lenye kufuli, la matundu, lipitishe hewa. Betri zote za majirani zilichajiwa hapo, mchana, mtu akiwa amekaa kwa mbali akizitazama. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Adeke, na sindano yake ya kufuma. Sasa alifuma soksi.

Msimu wa mvua ulipopita, betri ya Swaliki, ikichajiwa kwenye kreti, ilianza kutoa mlio. Kabla ya hapo haikuonekana kuwa na tatizo. Adeke aliusikia kwanza. Alizima swichi ya ukutani, akaita watu wote watoke, akaenda mwenyewe kumbeba mgongoni mama mkwe wa Zahara, bibi aliyekuwa akila muhogo. Wakasimama barabarani, upande ambao upepo haukupeleka moshi. Zahara alihesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa.

Betri ilipasuka. Ikawaka. Kreti likawa jeusi, bati likajikunja. Halafu moto ukakosa cha kula, ukapungua, ukafa. Bibi aliuliza kama ndiyo hiyo tu iliyomtoa kwenye muhogo wake.

Adeke alisogea karibu moshi ulipokwisha. Aliitazama ile alama nyeusi kwenye saruji. Haikuzidi sinia la ugali.

"Zahara," akasema, "na moto wangu ulianza mdogo hivi?"

"Ulianza hivi hivi, Mama Peace."

Adeke alikaa chini pale pale uani, akalia. Zahara akakaa naye. Watoto wote walikuwa hai, wakigombania nani amekimbia mbali zaidi, na Bibi alikuwa anadai arudishiwe muhogo wake.