Pumzi za Mzee Heino

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata Wiebke, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Bremerhaven, na mimi nina sehemu yangu katika lawama.

Chumba cha baba yake, Mzee Heino, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani, kiliota kuvu jeusi. Mwenye nyumba akadai ni uzembe wao, hawafungui madirisha kama watu waungwana. Kwetu hilo ni tusi zito kuliko kuitwa mwizi. Akawapa notisi ya kuhama, Wiebke akaenda mahakamani. Mtaalamu wa mahakama akaweka chumbani kipimo cha joto na unyevu, kidogo kama kiberiti, kikiandika kila kitu kwenye kompyuta ya Wiebke. Sharti lilikuwa moja: siku kumi na nne dirisha lisifunguliwe. Unyevu wa pumzi za mgonjwa angeutoa kwenye hesabu. Ukibaki mwingine, ni wa ukuta, na kosa ni la mwenye nyumba.

Mzee Heino, kitandani, alicheka. "Kumbe mnaandika pumzi zangu? Basi ngoja nikorome kwa bidii!"

Siku ya tisa, asubuhi, akafariki. Mtu akifa kwetu, jambo la kwanza ni kufungua dirisha roho ipite. Nikanyoosha mkono. Wiebke akaudaka.

"Usifungue, shangazi Traute," akanong'ona huku analia. "Zimebaki siku tano. Tutafukuzwa."

Nikaurudisha mkono. Mungu anisamehe.

Maiti ilichukuliwa mchana uleule, mlango ukafungwa. Kesho yake Wiebke akaniita kwenye kompyuta. Saa saba mchana, wakati mzee alipozoea kujilaza baada ya chakula, mstari wa unyevu ulianza kupanda. Saa tisa ukashuka.

Siku iliyofuata, vilevile.

"Ni ukuta tu," nikasema.

"Ukuta una saa ya kulala?"

Nilitamani kwenda kwangu.

Siku ya kumi na nne mtaalamu akaja. Akapima ukuta. Mkavu. Akasoma namba, akamkazia macho Wiebke.

"Nani analala humu?"

"Hakuna mtu. Baba amekufa."

"Bibi, hii ni pumzi ya mtu."

Kesi ikaishia hapo: kosa likawa la Wiebke, na notisi ya kuhama ikabaki. Alipotoka tu, kipimo chake kikiwa bado chumbani, Wiebke akalifungua dirisha wazi kabisa. Baridi ya theluji ikaingia. Tukasimama na makoti.

"Baba, nenda," akasihi. "Liko wazi. Nisamehe, nenda."

Saa saba ikafika. Chumba kilikuwa cha nyuzijoto mbili tu. Mstari ukapanda.

Tulingoja mpaka saa tisa.

Siku ya kuhama nilibaki nyuma kufuta vioo vya dirisha la chumba kile. Kitanda hakikuwepo tena. Kwenye kioo, upande wa ndani, pale ulipokuwa mto wa kulalia wa mzee, pakatokea doa la mvuke, upana wa mdomo. Likafifia. Likarudi.

Nikaligusa. Lilikuwa na joto.